Kutoka Shahidi hadi Mtuhumiwa: Wazee na Watu Wenye Ulemavu Ukingoni mwa Mombasa

Mwakirunge ni mojawapo ya wadi saba za eneo bunge la Kisauni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, mahali ambapo mji hukoma na mashamba ya minazi, mihogo na miembe ya Kaunti ya Kilifi huanza bila alama yoyote ya kumjulisha mpita njia kwamba amevuka mpaka. Kisiwani Mombasa jina hili hutajwa zaidi kwa sababu ya jaa la taka, hasa tangu jaa la Kibarani lilipofungwa na malori yakaelekezwa huku, na pengine si ajabu kwamba kitongoji kinachopokea vitu vilivyokwisha kutumika huzungumziwa mara chache kama mahali penye historia. Hata hivyo ukingo huu ndio unaofaa kuchunguza swali ambalo mji wenyewe hulijibu kwa haraka mno, nalo ni swali la kilichomlinda mzee na mtu asiyejiweza katika pwani hii kabla ya kuwapo kwa katiba, polisi na ofisi za ustawi wa jamii, na la kilichobadilika hata mvi, zilizokuwa kinga, zikageuka kuwa hatari.

Nchi inayozunguka Mwakirunge ni ya jamii za Mijikenda, jina linalokusanya Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Warabai, Wajibana na Wakauma, ambalo lilianza kushika katika miaka ya 1940, kwani kabla ya hapo watu wa mjini waliwaita Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Masimulizi yao huanzia katika kaya, yaani makazi yenye boma yaliyofichwa katikati ya msitu, na kaya za Waribe, Wakambe na Warabai haziko mbali na Mwakirunge, upande wa pili wa mpaka wa kaunti. Ndani ya kaya cheo cha mwanamume kilifuata rika lake, yaani kundi la watu waliopandishwa daraja pamoja kwa sherehe, mpaka wakafikia kambi, ambalo ni baraza la wazee lililosikiliza kesi, kutoza faini na kusimamia matambiko. Juu ya kambi, kwa Wagiriama, walikuwako vaya, wazee wachache waliotunza siri za viapo, kikiwamo kiapo cha fisi kilichoogopwa kuliko vyote. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia, lakini wakati huo misitu mingi ilikuwa imebaki na wazee wachache tu wa kuilinda, na wazee wenyewe hawakuwa na wa kuwalinda.

Itakuwa kosa kudhani kwamba heshima ya mzee ilitokana na cheo cha baraza pekee. Kufikia katikati ya karne ya 19 Wagiriama wengi walikwisha kutoka kaya na kutawanyika kutafuta ardhi ya kulima na kulisha mifugo, na mfumo wa rika ukaanza kulegea. Lakini mzee hakupoteza nguvu zake kwa kiwango kile kile, kwa sababu alibaki na kitu ambacho jamii isiyo na maandishi haikuweza kukipata kwingine, yaani kumbukumbu. Katika pwani hii umiliki wa mti na umiliki wa ardhi ni mambo mawili yanayoweza kutengana: mwenye shamba anaweza kuwa mtu mmoja na mwenye minazi akawa mwingine, na minazi hiyo hiyo inaweza kuwekwa rehani, yaani kukabidhiwa kwa mkopeshaji avune nazi au ageme tembo mpaka deni litakapolipwa, pengine na mtoto au mjukuu wa aliyekopa. Mnazi wa kienyeji huanza kuzaa baada ya miaka 6 au 7 na huweza kuendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka 60, kwa hiyo mapatano juu ya mti mmoja yangeweza kudumu kuliko watu walioyafanya, na aliyeyashuhudia akiwa kijana aliitwa kuyatolea ushahidi akiwa amezeeka.

Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wagiriama wa Kaloleni katika miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1972 kitabu chenye minazi, tembo na mashahidi katika jina lake, alionyesha jinsi biashara nzima ya ardhi na minazi ilivyosimama juu ya neno la wazee. Mzee aliyeitwa shahidi hakukaa kitini akasimulia, bali alitembea. Alishika fimbo, akawatangulia wadai na jamaa zao, akasimama penye mwembe mkongwe na kumtaja aliyeupanda, akahesabu minazi kutoka hapo hadi kwenye kichuguu au mstari wa mikonge, akaeleza ni ipi iliyouzwa moja kwa moja, ni ipi iliyowekwa rehani, na kwa deni la mahari ya nani. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuhurumiwa, na kumdhuru kulikuwa sawa na kuchoma daftari ambalo kila upande wa ukoo ulikuwa na deni au dai ndani yake. Hata aliyemchukia alikuwa na sababu ya kumtakia uhai. Jambo hili ndilo ambalo mijadala ya leo kuhusu utu wa wazee hulipita haraka, ikidhani kwamba zamani watu walikuwa na adabu zaidi, ilhali ukweli ulio wazi ni kwamba zamani watu walikuwa na haja zaidi.

Haja hiyo iliendelea hata baada ya mzee kufa. Miongoni mwa Wagiriama na jirani zao, mwanachama wa gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima, alisimamishiwa kigango, yaani nguzo ya mbao ngumu iliyochongwa kwa umbo la mtu, ambayo haikupasa kuhamishwa, kwa kuwa koma, roho ya marehemu, ingeleta ukame, maradhi au ugomvi katika nyumba iliyoipuuza. Biashara ya watalii ilipokua, vijana wenye njaa ya fedha walianza kuving'oa vigango usiku na kuviuza kwa wafanyabiashara wa sanaa. Mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru mwaka 1985 akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Vigango hivyo viliibwa baadaye, vikapatikana katika makumbusho mawili ya Marekani, na vikarudishwa kwa familia mwaka 2007, wakati ambapo mzee mwenyewe alikwisha kufariki. Wizi huo unastahili kutajwa katika historia ya ulinzi wa wazee, kwa sababu ulikuwa dalili ya mapema kwamba kizazi fulani kilikuwa kimeacha kuogopa.

Hata hivyo zama za kaya hazikuwa peponi, na mwandishi anayezisifu bila kuchunguza huwasahau waliohukumiwa na wazee wenyewe. Utsai, yaani uchawi kwa lugha za Kimijikenda, ulihesabiwa kuwa kosa kubwa, na mutsai, mchawi, aliweza kufukuzwa au kuuawa. Shutuma ilipozuka, baraza lilitumia kiraho, yaani kipimo cha kiapo kilichokusudiwa kumtenga mwenye hatia na asiye nayo. Kiraho cha tsoka kilihusu shoka lililopashwa moto likapitishwa kiganjani, na kiraho cha papai kilihusu kula tunda lililotiwa dawa ambalo liliaminiwa kumvimbisha mwenye hatia. Utaratibu huu haukuwa wa haki kwa kipimo cha leo, na mtu asiye na jamaa wa kumsemea, hasa mjane aliyeolewa kutoka mbali, alikuwa katika hali mbaya zaidi ya mzee mwenye wana wengi. Lakini ulikuwa na sifa mbili ambazo zilikuja kukosekana baadaye: ulifanyika mchana mbele ya watu, na ulimpa mtuhumiwa njia ya kutoka akiwa safi, kwa kuwa aliyeshinda kiraho aliweza kumdai fidia aliyemshutumu.

Kwa watu wasio na jamaa kabisa, pwani ilipata mfano wa pili wa ulinzi katika karne ya 19, na mfano huo ulizaliwa Kisauni yenyewe. Shirika la kimisionari la CMS lilianzisha makazi ya Frere Town kuanzia mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kengele iliyotundikwa kuwatahadharisha wakazi dhidi ya mashambulizi ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Huko Rabai misheni ilijaa watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao, hata kampuni ya kikoloni ya Kiingereza, IBEA, ikalazimika kuwalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa mwaka 1889 hati za uhuru zikatolewa kwa watu zaidi ya 1,400. Umuhimu wa makazi haya kwa habari hii ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu aliweza kulindwa kwa sababu tu yupo ndani ya ua fulani, na si kwa sababu ya ukoo wake au faida anayoleta. Wazo hilo litarudi baadaye katika sura nyingine.

Utawala wa Kiingereza uliingia katika mfumo wa wazee kwa mikono miwili iliyokosa kuelewana. Mkono mmoja uliwataka wazee wawe vyombo vya kukusanya kodi na vibarua, na pale walipokataa uliwavunja: Mekatilili wa Menza, mjane aliyewaapisha Wagiriama wasitii, alikamatwa mwaka 1913 na kupelekwa uhamishoni Kisii pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, na tarehe 4 Agosti 1914 Kaya Fungo, makao makuu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti. Mkono wa pili ulipiga marufuku uchawi na upimaji wa uchawi kwa pamoja, kwanza kwa sheria ya mwaka 1909 na kisha kwa ile ya mwaka 1925, ambayo leo inajulikana kama Sheria ya Uchawi, Sura ya 67. Sheria hiyo ilimwadhibu anayejidai kuwa mchawi, na vilevile ilifanya kuwa kosa kumshutumu mtu kwa uchawi, isipokuwa shutuma hiyo ikipelekwa kwa mkuu wa wilaya, polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine.

Kwa maandishi hiyo ilikuwa kinga ya kwanza ya kisheria kwa mzee anayesingiziwa, na pengine ilikuwa na nia njema, lakini wenyeji waliielewa kinyume. Machoni pao serikali ilikuwa imewanyang'anya wazee kiraho bila kuleta mahakama inayoweza kusikiliza kosa ambalo kila mtu aliliamini, kwa maana hakimu Mzungu alidai ushahidi wa macho kwa jambo linalosemekana kufanyika gizani. Matokeo yake yalionekana wazi Ukambani, ambako baada ya mwanamke aliyeitwa Mwaiki kupigwa hadi kufa kwa shutuma za kumroga mke wa jirani, wanaume 70 walishtakiwa mwaka 1932 na 60 kati yao wakahukumiwa kunyongwa, hukumu ambayo hatimaye haikutekelezwa. Washtakiwa hawakukana walilotenda. Waliona kwamba walikuwa wametimiza wajibu wa zamani ambao serikali haikuwa na badala yake. Tangu wakati huo shutuma ya uchawi haikutoweka, ila ilihama kutoka barazani na kuingia usiku.

Mabadiliko makubwa zaidi, ambayo kwa kawaida husimuliwa katika historia ya ardhi na si katika historia ya wazee, yalikuwa ni ya karatasi. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwaruhusu wakazi wa ukanda wa maili 10 kutoka baharini, ambao Kisauni yote imo ndani yake, kudai umiliki wa mashamba mbele ya ofisa na kupewa hati. Waliojua ofisi na maandishi, wengi wao wakiwa familia za Kiarabu na Kiswahili za mjini, walidai na kupewa. Wamijikenda wengi waliolima humo walijikuta maskwota, yaani wakaaji juu ya ardhi ya mtu mwingine au ya serikali, hata kama minazi waliyoikwea ilipandwa na babu zao. Mombasa ilizoea tangu hapo hali ya nyumba isiyo na kiwanja, ambapo mtu humiliki kuta na paa na humlipa kodi mwenye ardhi. Katika nchi ya namna hiyo neno la mzee aliyetembea mpakani na fimbo lilishuka thamani kwa hatua mbili: mahakama ilipendelea hati, na vijana walijifunza kwamba urithi wa kweli ni ule ulioandikwa.

Parkin aliona upande wa pili wa jambo hilo huko Kaloleni. Waliokuwa wakikusanya minazi na mashamba kwa bidii walikuwa mara nyingi wanaume wa umri mdogo waliotajirika kwa biashara ya nazi, na hawa waliwahitaji wazee kama mashahidi na kuwaogopa kama wenye uwezo wa kuwaroga, kwa kuwa mzee aliyeshuhudia mauzo alikuwa mara nyingi ndugu wa yule aliyepoteza. Mwaka 1966 hofu hiyo ilipata sauti kupitia Tsuma Washe, kijana aliyejulikana zaidi kwa jina la Kajiwe, ambaye alizunguka nchi ya Wamijikenda akifichua wachawi na kuwataka wakabidhi dawa zao. Umati uliomfuata ulikuwa mkubwa. Si sahihi kumfanya Kajiwe chanzo cha mauaji yaliyokuja miongo kadhaa baadaye, kwa kuwa yeye alitaka maungamo, na kazi yake aliifanya hadharani. Lakini katika harakati zake kijana ndiye aliyekaa kiti cha hakimu na mwenye mvi akasimama mbele yake, na picha hiyo haikufutika.

Katika miongo ya karibuni habari kutoka Kilifi na Kwale zimekuwa na mpangilio unaofanana kiasi cha kuchosha. Kifo au ugonjwa huingia katika boma. Jamaa huenda kwa mganga wa mburuga, yaani anayepiga ramli kutafuta chanzo cha shida. Mganga hutaja, au huashiria tu, mtu mzima wa ukoo. Maneno huzunguka, na pengine onyo huandikwa au hutumwa. Kisha vijana wenye mapanga huja usiku. Maofisa wa serikali na watetezi wa haki wamesema tena na tena kwamba nyuma ya shutuma nyingi kuna shamba ambalo mzee amekataa kuligawa au kuliuza. Wazee kadhaa wameripotiwa kupaka nywele zao rangi nyeusi, jambo ambalo wengine hulicheka, ingawa kwa aliyesoma yaliyotangulia halichekeshi, kwa sababu kizazi cha babu zao kilisubiri mvi kama mwanafunzi anavyosubiri cheti. Huko Usukuma, kaskazini magharibi mwa Tanzania, alama ya mauti ilikuwa macho mekundu ya vikongwe yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia. Huko Kisii watu 11 waliuawa mwaka 2008, na wanawake wanne wazee mwezi Oktoba 2021. Tofauti ya pwani ni kwamba wanaolengwa mara nyingi ni wanaume, na sababu yake haiko mbali, kwani ni wanaume ambao kwa desturi ndio wenye sauti ya mwisho juu ya ardhi ya ukoo.

Mwakirunge imo ndani ya Kaunti ya Mombasa na takwimu za mauaji ya Kilifi haziihesabu, lakini ukoo haujui mpaka wa kaunti, na kijana anayeishi Kisauni huenda kuzika, kuoa na kugombea urithi upande wa pili. Zaidi ya hayo, mji unapopanuka kutoka Bamburi na Utange kuelekea ndani, ekari ambayo jana ilikuwa na mihogo huanza kukatwa viwanja, na mzee anayeishi juu yake akilima kidogo na kukataa madalali huwa kizuizi kinachoonekana na kila mtu. Katika hali hiyo neno mchawi hufanya kazi ambayo neno mwizi haliwezi kuifanya: humtoa mtu katika ulinzi wa jirani zake kabla hajaguswa, hata siku akiguswa hakuna aliyesikia kelele.

Jibu la wenyeji lililo maarufu zaidi limechukua sura ya ule ua wa Frere Town, ingawa hakuna aliyelipanga hivyo. Huko Ganze, Kaya Godoma imegeuzwa kuwa kimbilio la wazee waliotishwa na kufukuzwa, chini ya watu wa utamaduni wa Malindi waliojikusanya katika chama cha MADCA, ambacho ndicho pia hukumbuka siku za Mekatilili kila mwaka. Wazee hao hulala katika nyumba za makuti, huchota maji na kulima vibustani kama wageni katika nchi yao. Kaya iliyokuwa mahali pa kutoa hukumu imekuwa mahali pa kujificha kutokana na hukumu. Na yeyote anayeona hapo ushindi wa desturi atakuwa ameangalia upande mmoja tu.

Historia ya watu wazima wenye ulemavu katika bara hii ni fupi zaidi katika maandishi, na ufupi huo wenyewe unaeleza jambo. Mzee alikuwa na kipindi cha utukufu cha kupoteza. Mtu aliyezaliwa haoni, hasikii au hatembei, au mwenye ulemavu wa akili, alitegemea tangu mwanzo wema wa nyumba yake, na nyumba iliweza kumtunza kwa upole au kumficha chumbani akiwa na umri wa miaka 40 kama mtoto. Waislamu wa mwambao walikuwa na zaka na wakfu, yaani mali iliyotengwa daima kwa ajili ya msikiti, jamaa au maskini, lakini sadaka ilimfikia mtu huyo kama mpokeaji tu. Badiliko la maana lilikuja mwaka 1969, si mbali na Kengeleni, pale karakana za Bombolulu, za chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, APDK, zilipoanza kuwaajiri watu wazima kutengeneza mapambo, vitu vya ngozi, nguo na baadaye viti vya magurudumu. Mfanyakazi wa Bombolulu aliyeleta mshahara nyumbani alipata kitu ambacho hakuna hotuba ingeweza kumpa, yaani jamaa wenye sababu ya kumtakia siha. Na hapo kanuni ya zamani ya mzee na minazi ilijirudia kwa njia ya mkufu wa shaba na ushanga.

Sheria za sasa zimejengwa juu ya msingi tofauti kabisa na huo wa haja. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali kuhakikisha kwamba wazee, ambao Katiba hiyo inawafafanua kuwa watu waliofikia umri wa miaka 60, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa na wanapata matunzo ya familia na ya Serikali, na kifungu cha 54 kinawahusu watu wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2015 dhidi ya dhuluma za nyumbani imetaja hata unyanyasaji wa kiuchumi, yaani kumnyima mtu mali au riziki yake, na Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, inazitaka nchi kukomesha shutuma za uchawi. Kuna kifungu kimoja kisichojulikana sana ambacho kinagusa kiini cha jambo kuliko vyote: Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema kwamba aliyemuua mtu kwa kukusudia hawezi kurithi sehemu yoyote ya mali yake. Kifungu hicho kingekuwa silaha kubwa kama kingetangazwa barazani na kwenye mikutano ya chifu, lakini kinamhusu aliyepatikana na hatia, na kesi za usiku hukosa mashahidi. Kejeli ya jambo hili, kwamba shahidi wa kila mpaka hufa bila shahidi, ingewashangaza wazee wa kambi.

Fedha, kwa upande wake, zimefanya kazi ambayo sheria imeshindwa, japo kwa kiasi. Kupitia mpango wa Inua Jamii, ambao tangu mwaka 2018 ulipanuliwa kuwafikia wenye miaka 70 na zaidi, mzee aliyesajiliwa hutengewa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mpango huo huo una mkono wa watu wenye ulemavu mkubwa. Zanzibar ilitangulia Aprili 2016 kwa pensheni ya shilingi 20,000 za Tanzania kwa kila mwenye miaka 70. Kiasi cha Inua Jamii ni kidogo, na kina hatari zake, kwa kuwa mjukuu anayemshikia bibi kadi au simu anaweza kuwa mlinzi na mwizi kwa wakati mmoja. Lakini katika nyumba isiyo na mshahara, mzee amekuwa tena mtu ambaye uhai wake una faida kwa wengine mwisho wa mwezi. Ili kuzipata fedha hizo anatakiwa aonyeshe kitambulisho kinachothibitisha umri wake, na yule ambaye mwaka wake wa kuzaliwa ulikadiriwa vibaya na karani miongo mingi iliyopita hubaki nje ya orodha. Mtu aliyekuwa daftari la kijiji kizima sasa anahitaji karatasi ili aaminiwe kwamba amezeeka.

Lipo jambo moja ambalo karatasi haijaliondoa. Sheria ya Upimaji wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968, inayotumika pale eneo la ardhi ya jamii linapopimwa na kugawiwa hati kwa mara ya kwanza, inataka kuwe na kamati ya wakazi wasiopungua 10 watakaoamua nani alilima wapi na mpaka ulipita wapi, na kamati hiyo haina pengine pa kupata majibu isipokuwa kwa wenye kumbukumbu. Mzee aliyekimbilia Ganze akiogopa panga hawezi kusimama penye mwembe siku hiyo, wala hakuna anayelazimika kumuua ili akose kusimama. Inatosha aitwe mchawi na aondoke, na shamba litapimwa bila yeye.